Maswali Yenu Kuhusu Maji: Klorini Kutoka Kwenye Chumvi

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza juu ya jambo moja: kutengeneza dawa ya maji kwa chumvi na umeme. Kazi yangu imekuwa kupima maji, maabara na vijijini, tangu nilipoanza utumishi, na jambo hili nalipenda na kuliamini. Kwa hiyo barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine.

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati moja wilayani Kilwa. Tumeletewa kifaa kidogo kinachotumia umeme wa sola. Unakitumbukiza kwenye maji ya chumvi, kinatoa viputo, na baada ya muda maji yananuka kama Jik. Aliyekileta alitufundisha asubuhi moja tu, akaondoka. Je, hiyo kweli ni dawa ya kutibu maji ya kunywa? Na kwa kuwa bahari iko nyuma ya zahanati, tuchote maji ya bahari badala ya kununua chumvi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuwanywesha wagonjwa.

Ndiyo, ni dawa ya kweli. Chumvi ni sodiamu na klorini zilizoshikana. Ukiiyeyusha kwenye maji zinaachana, na ukipitisha umeme kati ya pleti mbili za kifaa, kila moja inavutwa upande wake. Kwenye pleti chanya inatokea klorini. Kwenye pleti hasi maji yenyewe yanavunjika, yanatoa gesi ya haidrojeni na kuacha kostiki soda, ile ile wanayotumia wapika sabuni. Kwa kuwa vyote vimo katika chombo kimoja, klorini na kostiki zinakutana na kuungana kuwa sodiamu haipokloraiti. Hicho ndicho kilichomo ndani ya Jik, na ndicho kilichomo kwenye chupa ya WaterGuard ya maji. Kwa hiyo pua yako haikukudanganya.

Vifaa vidogo vya aina hii vinavyojulikana sana ni WATA, vya shirika la Antenna la Geneva, Uswisi. Kipimo chao ni gramu 25 za chumvi kwa lita moja ya maji safi, na mwisho unapata gramu 6 hivi za klorini katika lita hiyo. Kama chako ni cha aina nyingine fuata karatasi yake, kwa sababu vingine vinatoa gramu 8 na vingine pungufu. Hapa nitatumia gramu 6.

Hesabu yake ni hii. Maji yanayoonekana maangavu kwa kawaida huhitaji miligramu 2 za klorini kwa lita. Ndoo ya lita 20 inahitaji miligramu 40, nazo zimo katika mililita 7 kasoro kidogo za dawa yako. Chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, na utapima bila taabu. Lita moja tu ya dawa inatosha lita 3,000 za maji. Mimi kila nikiifikia hesabu hii hufurahi upya, kwani chumvi iliyoingia humo haifiki hata vijiko sita vya chai.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi wenye vifaa hivi wanapoharibikiwa. Saa si kipimo cha dawa. Siku ya jua kali paneli inatoa umeme mwingi, siku ya mawingu inatoa nusu au chini ya hapo, na klorini hutokea kwa kadiri ya umeme uliopita, basi. Ampea moja ikipita kwa saa nzima haiwezi kutoa zaidi ya gramu 1.3 za klorini, na kwa kweli hutoa pungufu, kwani sehemu ya umeme hupotelea kwenye kazi nyingine humo humo ndani. Kwa hiyo mhudumu anayesema "nimeiacha saa zile zile za jana" hajui ana nini mkononi. Lazima apime.

Kupima si kugumu. Kuna vitone maalumu vinavyokuja na baadhi ya vifaa. Vikiisha, fanya hivi: chukua mililita moja ya dawa, itie kwenye lita 5 za maji safi kabisa yasiyo na dawa wala uchafu, ya chupa kwa mfano, koroga, kisha pima kwa tembe za kupimia klorini ziitwazo DPD namba 1. Kama dawa ina gramu 6 kwa lita, utasoma miligramu 1.2 hivi kwa lita. Ukisoma 0.6, dawa ina nusu ya ukali na utahitaji kutia mara mbili.

Tembe hizo ndizo utakazotumia pia kwenye maji yenyewe ya kunywa. Jaza kichupa cha kifaa cha kupimia hadi alama, tia tembe bila kuigusa kwa vidole, iponde, funika, tikisa. Maji yakiwa na klorini yanageuka waridi, na kadiri waridi linavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Unalinganisha na rangi zilizo kando ya kifaa hicho cha kupimia, ukiwa umesimama kwenye mwanga wa mchana na si chini ya jua kali. Angalia jambo moja: klorini ikizidi mno, waridi linaweza kutokea mara moja na kupotea, na maji yakabaki meupe. Asiyejua ataandika "hakuna klorini", kisha ataongeza nyingine. Ukiona waridi limepita na kutoweka, yapunguze maji hayo kwa maji safi, upime tena.

Kila kisima kina tabia yake, ndiyo maana zile mililita 7 ni za kuanzia tu. Panga ndoo nne za lita 20 zilizojazwa maji ya kisima kile kile. Ya kwanza itie mililita 3, ya pili 6, ya tatu 9, ya nne 12. Koroga, funika, subiri nusu saa, kisha pima zote. Unatafuta ndoo iliyobakiwa na klorini ya miligramu 0.5 hivi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 0.5 baada ya nusu saa ya kugusana, na isipungue 0.2 pale mtu anapochota. Zahanati yenye mapipa ya kukaa na maji siku nzima hasa ndiyo ilenge hiyo 0.5. Rudia zoezi hili mvua zinapoanza, kwa sababu maji ya masika yana uchafu unaokula klorini.

Kuhusu bahari: hapana, mwanangu. Si kwamba haiwezekani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mkemia Mwingereza Henry Dakin alifunga mtambo wa kupitisha umeme kwenye maji ya bahari ndani ya meli ya hospitali, Aquitania, ili wapate dawa ya kusafishia meli. Na leo viwanda vya umeme vilivyo pwani hufanya hivyo hivyo kuzuia chaza na konokono wasizibe mabomba ya kupoozea mitambo. Lakini hayo si maji ya kunywa. Lita ya maji ya bahari ina chumvi nyingine iitwayo bromidi, kama miligramu 65. Umeme na klorini vinaigeuza bromidi, na sehemu yake huishia kuwa bromati, kemikali yenye madhara ambayo haitakiwi kuzidi miligramu 0.01 katika lita ya maji ya kunywa. Kisha kuna madini ya magnesi na kalisi, ambazo hugandia kwenye pleti hasi zikawa ukoko mweupe, na kifaa kidogo kama chako kitachoka mapema.

Nyinyi wa Kilwa mna mashamba ya chumvi, na yanawasaidia kuliko mnavyodhani. Chumvi inapoganda kwenye vibwawa, yale maji machungu yanayobaki juu na kumwagwa ndiyo yanayoondoka na sehemu kubwa ya magnesi na bromidi. Kwa hiyo nunua chumvi safi, nyeupe, kavu. Usichote bahari.

La mwisho kwako ni vile viputo. Ni haidrojeni. Kila lita ya dawa unayotengeneza inaachia zaidi ya lita mbili za gesi hiyo. Haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Nje au dirishani penye upepo inapaa na kupotea, haina neno. Lakini nimekuta kifaa kikiendeshwa ndani ya kabati la dawa lililofungwa, eti kisiibiwe, na stovu ya mafuta ya taa ikiwaka chumba hicho hicho. Tafadhali sana. Fungua madirisha, usifunike chombo kwa kifuniko cha kubana, usivute sigara, na usichomoe nyaya kabla ya kuzima umeme.

Waandikie waliokuletea kifaa, wakutumie na tembe za kupimia. Hasira yangu iko hapo: kifaa kinaletwa, picha zinapigwa, na tembe zinakuwa za mwezi mmoja. Kituo kilichoishiwa tembe kinatibu maji kwa kubahatisha.

Swali: Mama, mimi ni fundi umeme hapa Uvinza. Chumvi tunayo. Nina betri ya gari na chaja. Nataka nitengeneze kifaa mwenyewe, nitumie vijiko viwili vya stenlesi au kaboni za betri za tochi. Unanishauri nini?

Jibu: Nakushauri usitengeneze kwa ajili ya kunywa, na nitakuambia sababu ili usidhani nakukatisha tamaa.

Pleti chanya inashambuliwa na klorini na oksijeni wakati huo huo. Msumari wa chuma utaoza ukufanyie maji ya kutu. Waya wa shaba utakupa maji ya kijani. Kijiko cha stenlesi ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kinang'aa na kinaaminika, kumbe ndani yake mna kromi na nikeli. Umeme unavitoa, na maji yakianza kuwa ya njano ujue kromi imeingia katika hali yake yenye sumu. Huwezi kuichuja kwa kitambaa wala kuichemsha ikaondoka. Kaboni za tochi zinavumilia zaidi, lakini zinameguka polepole, na zimetoka kwenye betri yenye zinki na manganizi. Kwa kuwaonyesha wanafunzi shuleni jinsi gesi inavyotoka, sawa, kisha mwage.

Vifaa vya kweli vina pleti za metali iitwayo titani. Na titani tupu pia haifai, kwa sababu upande wa chanya inajivika ngozi ya oksidi na umeme unakoma kupita. Mtu aliyefungua njia ni Henri Beer, Mholanzi, miaka ya 1960, alipoipaka titani oksidi za metali nyingine, rutheni. Ule weusi unaouona kwenye pleti ndio mali yote. Usiukwangue kwa kisu, usiusugue kwa brashi ya waya. Ukoko mweupe ukikaa upande wa pili, uloweke kwenye siki mpaka utoke wenyewe, kisha suuza kwa maji mengi kabla ya kurudisha kwenye chumvi, kwa kuwa siki au asidi yoyote ikikutana na dawa yenyewe inafukuza gesi ya klorini, nayo inaunguza mapafu. Wala usibadilishe waya wa chanya na hasi, isipokuwa kifaa kimetengenezwa kwa kubadilishwa.

Ufundi wako unahitajika mahali pengine. Tunza paneli, kaza viungo, pima ampea kila wiki na uziandike. Ampea zikishuka na jua ni lile lile, kuna ukoko au kuna kiungo kimeoza. Zahanati nyingi zinakosa mtu wa kazi hiyo.

Uliuliza pia, pembeni ya barua, kama madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya dukani yana madhara. Chumvi yenye miligramu 50 za madini joto kwa kilo itaingiza miligramu 1.25 katika lita ya dawa, na lita hiyo inagawanywa kwenye lita 3,000 za maji. Hakuna kitu hapo. Uchafu wa chumvi ya mawe ndio wa kuogopa zaidi: iyeyushe, iache itulie usiku kucha, chukua ya juu yaliyo maangavu, pitisha kwenye kitambaa kisafi.

Swali: Mume wangu ana presha na daktari amemkataza chumvi. Mtaani kwetu Tanga kisima kimeanza kutibiwa kwa dawa hii ya maji ya chumvi. Anywe?

Jibu: Anywe bila hofu, dada. Mililita 7 za dawa zina chumvi isiyozidi gramu 0.18, nayo inaenea kwenye ndoo nzima ya lita 20. Kwa lita moja ni kama miligramu 9. Mboga ya jana iliyopashwa moto ina chumvi nyingi kuliko maji yake ya wiki. Kama kisima chenyewe kina magadi au kimeingiliwa na maji ya bahari, hilo ni jambo jingine, na linajulikana kwa kuonja kabla ya dawa kutiwa.

Swali: Jambo mama. Ninaandika kutoka Goma. Kipindupindu kinaturudia mara kwa mara. Dawa hii ya umeme inaweza kutumika kwa mikono na sakafu, au ni ya maji tu?

Jibu: Jambo sana mwanangu. Mji wenu sihitaji kuueleza juu ya kipindupindu. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walikufa hapo kwa makumi ya maelfu katika wiki chache, kwa kipindupindu na kuhara damu, na maji yalikuwa kiini cha msiba ule.

Inatumika kwa vyote, na hapo ndipo inapowafaa watu wa mbali na maduka ya dawa. Gramu 6 kwa lita ni asilimia 0.6. Kwa sakafu na vitanda vya wagonjwa mnahitaji asilimia 0.5: sehemu tano za dawa, sehemu moja ya maji. Kwa mikono mnahitaji asilimia 0.05: sehemu moja ya dawa, sehemu kumi na moja za maji. Ndoo hizo ziandikwe kwa rangi mbili tofauti, na isiwepo hata moja karibu na ndoo ya kunywa. Nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu kwenye hema la wagonjwa saa nane usiku ndoo zote zinafanana.

Maji yakiwa na tope, msiongeze klorini mkidhani itashinda. Tope linaila na kuwaficha vijidudu ndani yake. Acheni yatulie, au mtie shabu kidogo, mchuje, ndipo mtie klorini. Na mjue kwamba klorini inaua kijidudu cha kipindupindu kwa urahisi, ila kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho hakisikii kiasi cha klorini tunachoweza kunywa. Hicho kinaondolewa kwa kuchuja vizuri au kuchemsha.

Swali: Mheshimiwa mwandishi, mimi ni diwani. Mji wetu mdogo unatumia klorini ya unga inayotoka nje ya nchi, na ikichelewa bandarini tunakunywa maji yasiyotibiwa. Mtambo mkubwa wa aina hii unawezekana kwetu, au ni teknolojia ya majaribio?

Jibu: Si ya majaribio hata kidogo, mheshimiwa. Mwaka 1893, Brewster katika jimbo la New York, maji taka yaliyokuwa yakitiririkia kwenye chanzo cha maji ya jiji la New York yalitibiwa kwa klorini iliyotengenezwa hivi hivi, kwa chumvi na umeme. Hiyo ni kabla ya mji wa Jersey City kuanza mwaka 1908 kutia klorini kila siku kwenye maji ya wananchi wake.

Kwa mitambo ya miji, kilo moja ya klorini hula takriban kilo 3 za chumvi na yuniti 5 za umeme. Kilo hiyo moja, kwa miligramu 2 kwa lita, inatibu lita 500,000. Watu 10,000 wakitumia lita 50 kila mmoja, mheshimiwa, hiyo ndiyo siku yao nzima: kilo tatu za chumvi na yuniti tano. Wala hamhitaji mitungi ya gesi ya klorini kupita barabarani katikati ya watu.

Ila msikilize muuzaji kwa tahadhari. Pleti zinakwisha baada ya miaka kadhaa, na bei yake ni sehemu kubwa ya bei ya mtambo, kwa hiyo ziwekewe fedha tangu mwaka wa kwanza. Maji ya kuyeyushia chumvi yalainishwe kwanza, la sivyo kalisi itaziba kila kitu. Banda lijengwe na bomba la kutolea haidrojeni juu ya paa: kilo moja ya klorini inaambatana na zaidi ya lita 300 za gesi hiyo. Na ile klorini ya unga msiiache kabisa. Wekeni akiba ya mwezi mmoja mahali pakavu, kwa siku umeme utakapokatika.

Swali: Dawa ikishatengenezwa inakaa muda gani? Sisi tunaiweka kwenye chupa za maji za plastiki, dirishani.

Jibu: Iondoeni dirishani leo. Mwanga na joto ndivyo vinavyoiua. Tumieni dumu la plastiki lisilopitisha mwanga, lenye kifuniko, lisilo la chuma, liwekwe kivulini na mbali na watoto. Chupa ya maji ya kunywa isitumike hata kama imeandikwa, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi. Andikeni tarehe ubavuni mwa dumu. Dawa ya jana mnaweza kuitumia, ya siku tatu ipimeni ukali kwanza kwa njia niliyomweleza mganga wa Kilwa, na ambayo hamna tembe za kuipimia isiingie kwenye maji ya kunywa. Isimwagwe, dekieni choo na sakafu.